Mama Hansa na taa arobaini za udongo

Jumatano. Mawingu yametanda tangu alfajiri, lakini mvua haijaamua. Magoti yananiuma kidogo. Moyo hauna tatizo.

Jana jioni nilipita mtaa wa maduka ya zamani, yale yenye baraza pana za saruji. Kwenye mlango mmoja tu niliona taa ndogo za udongo zimepangwa kizingitini, saba au nane hivi, zinawaka. Mama mmoja wa Kihindi nisiyemfahamu alikuwa amezikinga na upepo kwa upindo wa sari yake. Nikamtakia heri ya Diwali. Alishangaa kidogo, kisha akatabasamu. "Ahsante bibi, na wewe pia."

Nilifika nyumbani nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa. Nilikuwa namfikiria Mama Hansa.

Nimeshawasimulia watu wengi habari zake, kwenye mahafali na kwenye vikao vya walimu wastaafu. Sijawahi kuziandika. Leo naziandika zote, hata kile kipande ambacho huwa nakiruka.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi, naomba nianze na maelezo. Mwalimu anastaafu kazi, lakini hastaafu kuelezea.

Shule niliyofundisha ujana wangu ilikuwa zamani ya jamii ya Kihindi. Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa kwa watoto wote, na ilipofika miaka ya Ujamaa darasa langu la sita lilikuwa na watoto wa Ng'ambo, mtaa wa hapa Tabora, watoto wa watu wa reli, watoto wa wakulima waliohamia mjini, Waislamu na Wakristo. Watoto wa Kihindi walikuwa wamebaki wachache. Darasani kwangu alikuwapo mmoja tu, Hansa, umri wa miaka kumi na miwili, mwembamba, nywele zimesukwa mkia mmoja mrefu uliofika kiunoni. Katika hesabu hakuna aliyemkaribia. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliendesha duka la vitambaa peke yake.

Tulikuwa na shamba la shule kwa sababu elimu ilikuwa ya kujitegemea. Tulilima mihogo, karanga na maharage, na chakula cha mchana tulikipika wenyewe kwa zamu. Sufuria moja, chakula kimoja, mwalimu na mwanafunzi sahani sawa. Mimi nililiamini jambo hilo kwa moyo wangu wote. Nilitoka Usinge, nikasomeshwa na wamisionari, nikapita chuo cha ualimu, nikarudi nikiwa na hamu ya kujenga nchi. Nilipoona watoto arobaini wanakula pamoja niliona nchi yenyewe imekaa mbele yangu.

Hansa hakuwa akila nao. Kila mchana alikaa pembeni, kwenye ngazi, na kikopo chake cha chapati.

Watoto waliliona, na watoto wana midomo. Mwajuma, kiranja wa darasa, mtoto wa fundi cherehani wa Ng'ambo, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Nilimsikia siku moja akisema kwa sauti ya makusudi, "Mwacheni huyo. Anatuona wachafu."

Mimi nami niliamini hivyo hivyo. Nilidhani ni majivuno ya watu wa dukani.

Siku moja ya mwezi wa kumi nilikuwa mwalimu wa zamu. Tulipika ugali na maharage, na kwa kuwa maharage yalikuwa kidogo tulichanganya dagaa. Nikapakua sahani, nikaipeleka mwenyewe mpaka kwenye ngazi, nikaiweka mbele ya Hansa. Nikamwambia ale kama wenzake. Nilisema kwa upole. Sikupiga kelele, sikushika fimbo. Nilisimama tu pale juu yake mpaka akala.

Alikula tonge tatu. Machozi yalimtoka, lakini alikula, kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama. Kisha alikwenda nyuma ya darasa akatapika.

Hakuja shule siku tatu.

Siku ya nne alikuja mama yake. Nilikuwa namwona dukani siku zote, lakini sikuwahi kumwona akitembea barabarani. Alikuwa mfupi, sari nyeupe ya ujane, bangili hana. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kabisa, kwani alizaliwa hapa, ila alikitumia kama mtu anayepima kitambaa, bila kuzidisha hata inchi moja.

"Mwalimu, umemlisha mtoto wangu samaki."

Nikasema, "Sikujua, mama."

"Hukuuliza."

Akanieleza kwamba nyumbani kwao hakijawahi kuingia kitu chenye uhai, tangu kwa bibi wa bibi yake. Samaki, nyama, mayai, vyote havimo. Hata chungu kilichopikiwa samaki hawakitumii. Hansa alikuwa haogopi uchafu wa wenzake. Alikuwa anaogopa sufuria.

Kisha akasema kwamba mwisho wa mwezi atamtoa shule. Atakaa dukani ajifunze kushona.

Mtoto huyo alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kufanya mtihani wa darasa la saba. Nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba angepata nafasi ya sekondari. Na nilijua ni nani aliyekuwa amemfungia mlango.

Kesho yake nilikwenda dukani. Mama Hansa alikuwa anamkatia mteja kitambaa cha sare, na hakuharakisha kwa ajili yangu. Mteja alipoondoka nilimwomba radhi. Nilimwomba vizuri, nikainama. Alinisikiliza, akakunja kitambaa, akakirudisha rafuni. Nikaona radhi yangu nayo imewekwa rafuni pamoja na vitambaa.

Wazo lililofuata sikulipanga. Nilijua sikukuu yao ya taa imekaribia, kwa sababu dukani palikuwa na pamba mbichi kwenye sinia na Hansa alikuwa ameketi nyuma anasokota tambi za taa, macho chini. Nikasema, "Mama, njoo uwafundishe. Tuna kipindi cha kazi za mikono. Waje waone kwa mikono yao, maana maneno yangu mimi yameharibu."

Aliweka mkasi mezani.

"Nikija na chakula changu, nani atakila?"

Swali hilo lilinichoma kuliko lile neno lake la "Hukuuliza." Kumbe naye alikuwa na hofu ile ile tuliyokuwa nayo sisi, kwamba yule wa upande wa pili anakuona mchafu.

Akaweka masharti yake. Chungu kiwe kipya kabisa. Mtu yeyote asiambiwe asali au asujudu, maana Mungu wa mtu ni wa nyumbani kwake. Watoto wanawe mikono. Sharti la mwisho alilisema akiwa amemtazama binti yake. Kama watoto watacheka au watakataa kula, basi Hansa anarudi naye siku hiyo hiyo, hasubiri mwisho wa mwezi.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini nilipomweleza. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa barua kutoka wilayani. "Kazi za mikono, ndiyo. Mapishi, ndiyo. Ibada, hapana. Mzazi mmoja tu akinijia hapa na malalamiko, nitakutaja wewe." Nikamwambia anitaje.

Darasani niliwaambia watoto ukweli, kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba Hansa halaumiwi, na kwamba chakula cha watu wa kwao kina mipaka yake. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza watoto, nusu kwa masikio, nusu kwa miguu. Mwajuma alinyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, hata dagaa mmoja? Yule mdogo kabisa?" Darasa likacheka. Hansa hakuwapo, nashukuru.

Ila yule yule Mwajuma ndiye aliyekuja kesho yake na chungu kichwani. Bibi yake alikuwa mfinyanzi. "Bibi kasema hiki hakijaonja hata maji. Na kasema udongo wa taa mkachukue bondeni, huu wa hapa shuleni una mchanga, utapasuka."

Basi kazi ikaanza.

Mama Hansa alikuja siku ya kwanza saa tisa alasiri, baada ya kufunga duka. Hansa alimfuata nyuma, amebeba sinia la pamba. Watoto walisimama. "Shikamoo mama." Akasita, nadhani hakutegemea arobaini kwa pamoja. "Marahaba. Kaeni. Nani anajua kufinyanga?"

Mikono yote ikapanda juu, ya waliojua na ya wasiojua.

Nimeona walimu wengi maishani, wengine wenye shahada. Sijaona aliyefundisha kwa maneno machache kama yule mama. Alichukua donge la udongo, akalizungusha kiganjani, akabonyeza kidole gumba katikati, akabana ukingo sehemu moja ukawa kama mdomo wa ndege. Ndipo tambi inapolala. Akaivunja taa hiyo, akatengeneza tena, polepole zaidi. Akaivunja tena. Mara ya tatu akatupa donge kwa Mwajuma, naye akalidaka.

Taa za kwanza zilikuwa mbaya mno. Moja ilifanana na kiatu. Mama Hansa aliichukua ile ya kiatu, akaitazama pande zote, akasema, "Hii itashika mafuta mengi," akaipanga pamoja na nzuri. Mwenye taa alinyooka mgongo kama amepewa zawadi. Bibi yake Mwajuma aliagiza zikaushwe kivulini wiki nzima kabla ya kuchomwa, na zikachomwa kwake Ng'ambo kwa magome ya miti. Zikatoka arobaini na mbili. Mbili zikapasuka. Arobaini zikarudi shuleni kwenye kikapu chenye majani makavu.

Alipokuja siku ya pili alitufundisha kupamba kizingiti. Hapo palitokea jambo ambalo lingetokea Tabora tu, na katika miaka ile tu, ambayo unga ulikuwa wa kutafutwa. Alifungua mkebe wa unga wa mchele, akachota kidogo kwa vidole, akaanza kuumwaga chini, kwenye sakafu ya baraza.

Watoto walishika vichwa.

"Mama," akasema Mwajuma, na safari hii hakuwa na utani, "huo si ungekuwa uji?"

Mama Hansa hakukasirika. Akaeleza kwamba unga huo unawekwa kidogo tu, na unawekwa mlangoni kwa sababu sisimizi na ndege nao ni wageni siku ya sikukuu. Wao ndio wanaoanza kula. Kisha akawatazama wale watoto, wengi wao wakiwa wametoka nyumbani bila kifungua kinywa, akafunika mkebe. "Lakini mwaka huu sisimizi watatusamehe. Leteni mlicho nacho."

Wakaleta. Udongo mwekundu wa barabarani uliopepetwa, jivu la jikoni, vumbi la mkaa, chokaa iliyobaki ukutani. Hansa alipiga magoti akaweka nukta kwa chaki, saba kwenda chini, saba kwenda upande, kisha akaanza kuziunganisha kwa jivu linalodondoka kati ya vidole vyake. Mstari haukutetemeka. Ua likatokea, kisha ua ndani ya ua. Watoto walisogea mpaka nikawaambia wampe hewa. Walikuwa wanamwona akikokotoa hesabu ubaoni kila siku na hawakushangaa kamwe. Leo waliona hesabu ile ile imelala sakafuni ina rangi.

Mmoja akasema, "Hebu na mimi uniwekee nukta."

Ni maneno madogo. Niliyasikia, nikageuka kutazama ukutani.

Siku ya tatu, Jumamosi, ndiyo ilikuwa ya mapishi na ya kuwasha. Diwali yenyewe ilikuwa bado siku tatu. Huangukia kwenye usiku wa giza, mwezi unapokwisha kabisa, nami niliwaeleza watoto hivyo, wale wa Kiislamu wakaelewa upesi kwa sababu nao sikukuu zao hungoja mwezi. Mama Hansa alisema siku yenyewe ni ya nyumbani, ya shule iwe kabla.

Juu ya mlango watoto walitunga majani ya miembe kwenye uzi, miembe ile iliyobaki kando ya njia ya zamani ya misafara. Tabora tunapenda kusema kwamba mji huu umepitiwa na watu wa kila namna, wapagazi, Waarabu, Wamanyema, watu wa pwani, kwa hiyo hatuna mgeni. Nilikuwa nalisema sana jambo hilo darasani. Siku ile nilinyamaza.

Aliwapikia ladu za karanga, vile vitamu vya mviringo vya Kihindi. Karanga zilitoka shamba letu, watoto wakazikaanga na kuzimenya kwa kuzipuliza. Sukari guru ikayeyushwa kwenye kile chungu kipya pamoja na samli. Alikuwa na bakuli la maji baridi kando, anadondosha tone moja. Likiwa laini, bado. Likikatika kwa mlio, tayari. Hapo hakuna kungoja. Unapaka samli viganjani, unachota ikiwa ya moto, unaviringa haraka kabla haijagoma. Watoto walikuwa wanarusha ladu kutoka kiganja hadi kiganja, wanapuliza, wanacheka. Chungu kikasuguliwa, kikasafishwa kwa maji ya moto, kikawekwa kando ya jiko kikauke.

Kisha alipanga ladu kwenye sinia, akashika sinia kwa mikono miwili, akasimama. Nikakumbuka sharti lake. Nadhani Hansa naye alilikumbuka, kwa sababu aliacha kusokota ncha ya mkia wake.

Mwajuma alikuwa wa kwanza kwenye mstari. "Mama, humu ndani mna nini na nini?" Mama Hansa akamtajia kimoja kimoja. Mwajuma akahesabu kwa vidole, akaona vyote ni halali, akabugia. "Hizi ni kashata," akasema mdomo ukiwa umejaa. "Kashata za duara." Akarudi mwisho wa mstari kupanga foleni tena.

Sinia liliisha. Mama Hansa aliutazama ule upande mtupu wa sinia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ingekuwa vizuri habari iishie hapo. Ninapoisimulia mahafalini huwa inaishia hapo.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha jana yake, ardhi ilikuwa laini. Saa kumi na mbili jioni, bado kuna mwanga kidogo, tulipanga taa arobaini kwenye ukingo wa baraza, tukatia mafuta, tukalaza tambi, na Hansa akawasha ya kwanza. Moto ukapokezana mpaka ya mwisho. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu.

Na kumbikumbi wakaja.

Asiyekulia huku hawezi kujua ni nini kumbikumbi wa mvua ya kwanza wanapoona taa. Walitoka ardhini kama moshi. Kwa mtoto wa Tabora hiyo si sherehe ya mtu mwingine tena, hiyo ni mboga. Darasa zima liliruka. Wengine walivua mashati, wengine walikinga sketi, mmoja alikimbia kuleta ndoo ya maji. "Huku! Huku ni wengi!" Kumbikumbi waliangukia kwenye miali wakaungua, watoto wakawaokota hapo hapo wakiwa wa moto wakawatia mdomoni. Nilipopata sauti yangu ya kuita, Mwajuma alikuwa ameshamimina konzi mbili za kumbikumbi ndani ya chungu kilichokuwa kando ya jiko, na chungu kilikuwa juu ya makaa, na harufu ilikuwa imeshatoka.

Chungu kile kile.

Mama Hansa alikuwa amesimama mlangoni, chini ya majani. Alinyoosha mkono tu pembeni, bila kutazama, na Hansa akaenda akaushika.

Walikuwa wanaondoka.

Sikujua la kufanya. Nakiri. Mwalimu mzima, na cheti changu, nilisimama kama mlingoti. Nilifikiria kuwachapa, nilifikiria kueleza. Nilifikiria pia, na hili ni la aibu, kwamba mwalimu mkuu atanitaja.

Mwajuma ndiye aliyeinua kichwa. Alikuwa anakoroga kwa kijiti. Alimwona Hansa. Kijiti kikasimama.

Aliipua chungu kwa kanga yake, akakibeba kwa mikono miwili, akaenda nacho mpaka mbele ya Mama Hansa, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wasichana wa kwetu mbele ya mtu mzima.

"Mama, nimekiharibu."

Alikiinamisha chungu kidogo ili aone ndani.

"Ni kama kwetu mtu aje apike nguruwe kwenye sufuria ya mama. Hata ukiisugua vipi." Akafuta jasho kwa bega. "Sikufikiri. Niliwaona wengi mno, nikasahau."

"Nani kakufundisha hayo ya nguruwe? Mwalimu?"

"Hapana. Nimemwona Hansa usoni."

Watoto wengine walikuwa wameacha kukimbia. Baadhi walitema. Mwenye ndoo aliiweka chini taratibu, kama vile ndoo yenyewe imekosa adabu.

Mama Hansa alikitazama chungu, akamtazama Mwajuma, na uso wake ukalegea. Hakucheka, ila nilijua hatari imepita.

"Watamu?"

"Sana, mama. Kama karanga."

"Chungu hiki ni cha bibi yako. Kipeleke kwenu, mle. Nyumbani kwenu ni kwenu, mimi sikuja kuwafunga midomo." Akanyoosha kidole kwenye taa. "Lakini hapa hapana. Hawa wamekuja kwa sababu ya taa zangu. Sikuwaita waje kufa."

Mwajuma aligeuka, na yule kiranja mwenye mdomo akarudi kazini. "Mmesikia? Taa ndani! Wawili wawili, msimwage mafuta. Na wewe, tema."

Zikaingizwa darasani zote arobaini, tukafunga mlango na madirisha ya mbao. Kumbikumbi wakabaki nje na giza lao. Tulikaa sakafuni tukizizunguka, madawati yamesukumwa ukutani, joto, harufu ya mafuta na ya watoto. Mama Hansa alikaa chini pamoja nasi. Akasimulia kwa ufupi habari ya mfalme aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi porini, na watu wake wakamwashia taa aione njia. Mtoto mmoja akauliza kama alikuwa amekwenda kwa miguu. "Kwa miguu," akasema. Wakatikisa vichwa. Habari za watu wanaotembea miezi kwa miguu zinaeleweka Tabora.

Mwajuma alikaa karibu na Hansa, chungu amekiacha nje. Sikusikia walichokuwa wanaongea.

Mama Hansa aliondoka bila kuniambia uamuzi wake. Sikuthubutu kuuliza. Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia mahubiri hata neno moja.

Jumatatu ilikuwa siku ya shamba. Nilisimama getini mapema kuliko kawaida. Watoto wakaja kwa makundi. Kisha nikamwona Hansa anakuja kwa njia ya madukani, mkia wake mrefu ameufunga kilemba, na begani ana jembe jipya lenye karatasi ya duka bado kwenye mpini. "Shikamoo, mwalimu." Akapita.

Hakutolewa. Mchana ule maharage yalipikwa peke yake, kwenye chungu kingine kidogo alichokileta Mwajuma kutoka kwa bibi, na dagaa wakawa na sufuria yao. Mwalimu mkuu aliona, akasema kwamba sufuria mbili zinakula kuni zaidi, akaenda zake. Hansa alishuka kwenye ngazi. Alifanya mtihani wake, akachaguliwa sekondari, na alipomaliza familia ikahama, kama walivyohama wengi miaka ile. Walikwenda wapi hasa, sijui. Nimetafuta.

Ninamstahi yule mama mpaka leo. Alikuwa na kila sababu ya kufunga mlango wake, akaja akakaa chini na wanafunzi wa mtu aliyemkosea, akafundisha kwa udongo na jivu. Mimi nilisifiwa sana kwa jambo hilo. Wakaguzi waliliandika kwenye ripoti kama ubunifu wa mwalimu. Sikuwasahihisha.

Na kile kipande hasa ninachokiruka ni hiki.

Nilimwomba radhi mama yake, nikainama. Niliwaambia watoto arobaini kwamba nimekosea, siku ambayo Hansa hakuwapo. Hansa mwenyewe, aliyekula zile tonge tatu kwa sababu nilikuwa nimesimama juu yake, nilimfundisha mwaka mmoja na zaidi baada ya hapo, nikamsahihishia madaftari, nikampongeza kwa mtihani, nikamuaga.

Sikumwambia hata siku moja.

Nafasi nilikuwa nayo kila asubuhi. Najiuliza leo, nikiwa na umri huu: kwa nini ilikuwa rahisi kumwinamia mtu mzima, ikanishinda kumwinamia mtoto?